Giza la Studio Lilijengwa kwa Taa

Aprili 2019 tulikuwa sebuleni kwa shangazi yangu tukitazama kile kipindi cha tamthilia ya Game of Thrones cha vita ya usiku dhidi ya wafu. Zilipita dakika kumi tunaona vivuli vinagongana. Shangazi, ambaye hakuwa mfuatiliaji, akaweka kikombe chini na kuuliza: "Mwanangu, kwani huko kwao nako LUKU imekwisha?" Swali lake, kwa maneno mengine, liliulizwa duniani kote wiki ile. Mpiga picha mkuu wa kipindi, Fabian Wagner, alijibu kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni watazamaji wasiojua kurekebisha runinga zao. Mabishano hayajakoma tangu siku hiyo. Kila tamthilia kubwa ikitoka, kambi moja hulalamika kwamba watengenezaji wamekuwa wavivu, hawawashi taa. Kambi nyingine hujibu kwamba usiku ni giza, na kwamba filamu za kale za majambazi na barabara zilizolowa mvua zilikuwa na giza vilevile ila tunaziita sanaa. Siku hizi imejitokeza kambi ya tatu, ya wauzaji wa programu za akili mnemba, ambao ahadi yao ni kwamba mwanga utapangwa upya kwenye kompyuta baada ya picha kupigwa, kwa hiyo tusigombane.

Nadhani kambi zote tatu zinajikwaa pale pale. Zote zinachukulia giza kuwa upungufu wa mwanga, kama ukame ulivyo upungufu wa mvua: ukiongeza, shida imekwisha, ukipunguza, umepata usiku. Historia ya taa katika studio za Hollywood, tangu miaka ya 1910 hadi studio hizo zilipopoteza ubabe wao katika miaka ya 1950 na 1960, inaonyesha kwamba giza linalosomeka kwenye skrini hutengenezwa kwa taa, na mara nyingi hudai kazi kubwa kuliko mwanga wenyewe. Mafundi wa zamani hawakuzaliwa na macho mazuri kuliko ya mafundi wa leo. Walichokuwa nacho ni mkanda wa filamu usioona vizuri, na mkanda ule uliwalazimisha kuamua mapema, mwigizaji akiwa amesimama mbele yao, kila kivuli kiangukie wapi. Kamera za leo zimeuondoa ulazima huo, na tunagombania matokeo yake bila kuitaja sababu.

Tuanze pale ambapo taa hazikuwepo. Studio ya Edison huko West Orange, New Jersey, iliyojengwa 1893, ilikuwa kibanda kilichofunikwa kwa karatasi nyeusi ya lami, paa lake linafunguka, na banda zima linazungushwa kwenye reli ya duara kulifuata jua. Miaka minne baadaye Georges Méliès, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, akajenga yake ya vioo huko Montreuil, nje kidogo ya Paris. Kampuni zilipohamia California, jua lilikuwa moja ya vivutio. Seti zilijengwa nje, hazina dari, na juu yake vikatandazwa vitambaa vyepesi kulainisha makali ya mchana. Mwanga ulikuwa na kazi moja, watu waonekane. Hata taa za umeme zilipoingia, mirija ya mvuke wa zebaki na zile taa za kaboni zilizowachoma waigizaji macho hadi wakashindwa kazi siku mbili tatu, zilitumika kwanza kama jua la akiba kwa siku za mawingu.

Mwaka 1915 mwongozaji Cecil B. DeMille na mpiga picha wake Alvin Wyckoff walianza kumulika waigizaji kwa upande mmoja, nusu ya uso ikang'aa na nusu ikazama. DeMille mwenyewe alipenda kusimulia kilichofuata. Mshirika wake Samuel Goldwyn, aliyekuwa na kazi ya kuziuza filamu hizo, alimpelekea simu ya maandishi kwamba wenye kumbi hawatalipa bei kamili kwa mwigizaji anayeonekana nusu. DeMille akajibu kwamba huo ni mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, na kama wao hawamjui si kosa lake. Goldwyn akachangamka: kwa Rembrandt, wenye kumbi watalipa maradufu. DeMille hakuwa mtu wa kusimulia jambo bila kutia chumvi, lakini hata chumvi yake ina faida kwetu. Inatuonyesha kwamba malalamiko ya "hatuoni" yana umri wa zaidi ya karne, na kwamba wakati ule aliyeulizwa alikuwa na jibu kuhusu kivuli chenyewe: kipo pale kwa sababu fulani, na sababu hiyo inaweza kuelezwa hata kwa mfanyabiashara wa tiketi.

Kwa nini wachukue taabu yote hiyo? Jibu limo kwenye mkanda. Hadi katikati ya miaka ya 1920 uliotumika zaidi ulikuwa mkanda wa othokromatiki, ulioona bluu na kijani lakini kwa nyekundu ulikuwa kipofu. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu ilitoka myeusi tii, anga la bluu likatoka jeupe pe, na shavu lenye wekundu wa damu likaonekana kama lina maradhi. Wenye macho ya bluu ndio walioteseka zaidi, maana mboni zao zilifutika wakabaki kama sanamu. James Wong Howe, mzaliwa wa Guangdong aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa bado msaidizi mdogo studioni mwanzoni mwa miaka ya 1920 alipompiga nyota Mary Miles Minter picha za mnato, na Minter akashangaa kuona macho yake yametoka meusi. Howe naye hakujua amefanyaje. Alirudi kuchunguza, akagundua kwamba wakati wa kupigwa picha Minter alikuwa ametazama kitambaa cheusi, na jicho, kwa kuwa ni kioo, lilikuwa limeubeba weusi ule. Basi akatwaa mahameli nyeusi, akaitoboa tundu la lenzi, akaizungushia kamera, na Minter akapata macho kwenye filamu. Mji mzima ukavuma kwamba bibi yule ameleta Mchina anayepiga picha akiwa amejificha nyuma ya mahameli. Uvumi ulikuwa na dharau za enzi zake, lakini angalia alichofanya kijana yule: hakuongeza taa hata moja. Aliongeza weusi, mahali alipopachagua, na picha ikaonekana vizuri zaidi.

Mkanda wa pankromatiki, ulioona rangi zote, ulianza kutawala kuelekea mwisho wa muongo ule, na sauti ikaja wakati huo huo kuvuruga kila kitu. The Jazz Singer, filamu iliyofungua enzi ya sauti, ilitoka Oktoba 1927. Taa ya kaboni hufanya kazi kwa umeme kuruka kati ya vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua taratibu. Ina nguvu ajabu, lakini hunguruma na kuchakarika, na maikrofoni haina adabu ya kujifanya haikusikia. Mapema 1928 wapiga picha, watengenezaji filamu na Akademia ya Hollywood, ile ya tuzo za Oscar, ambayo haikuwa hata na mwaka, walikutana kwenye studio za Warner Bros. kwa wiki kadhaa za kujaribu balbu za Mazda, zile za waya unaowaka ndani ya chupa. Hazikuwa na kelele. Mwanga wake ulikuwa na wekundu mwingi ambao mkanda wa zamani usingeuona, lakini mkanda mpya uliuona vizuri. Mikrofoni, balbu na kemikali za mkanda vikaoana kwa miaka miwili hivi, na sura ya sinema ikabadilika bila msanii yeyote kuitisha mkutano wa kuibadilisha.

Hawakukawia kuugeuza uwezo huo mpya kuwa mazingaombwe. Katika Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931, uso wa Fredric March unaharibika mbele ya macho yetu bila picha kukatwa. March alipakwa vipodozi vyekundu, na mpiga picha Karl Struss akampiga kupitia kichujio chekundu, ambapo vipodozi hivyo havionekani. Kisha kichujio kikasogezwa taratibu hadi kijani, na mikunjo yote ikachomoza kama inatoka chini ya ngozi. Struss alikuwa ameshaitumia mbinu hiyo 1925 katika Ben-Hur, kwa wakoma wanaoponywa, akienda kinyumenyume. Leo tungeiita hila ya kompyuta. Wakati ule ilikuwa ni mtu anayejua mkanda wake unaona nini na hauoni nini.

Kasoro ya balbu za Mazda ilikuwa kwamba mwanga wake ulitawanyika. Dawa ilipatikana katikati ya miaka ya 1930, pale kampuni ya taa ya Mole-Richardson ilipoweka mbele ya balbu lenzi ya Fresnel, ile iliyobuniwa Ufaransa karne ya 19 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Aliyewahi kuona mwali wa mnara ukiikata bahari usiku anajua kazi ya lenzi hiyo. Sasa fundi aliweza kuupeleka mwanga kwenye shavu bila kuumwaga ukutani. Taa zenyewe zikapewa majina ya ukoo: Senior, Junior, Baby. Lakini kinachonivutia zaidi kwenye ghala la taa la studio ni vifaa visivyotoa mwanga kabisa: vibao vyeusi vya kila umbo, nyavu, vitambaa vya hariri, milango ya bati inayofungwa mbele ya taa. Kulikuwa na vijana walioajiriwa kusogeza kibao inchi mbili ili kola ya shati isimeremete. Ukiondoa vifaa hivyo, huna tena ufundi wa studio. Una taa nyingi tu zilizowashwa.

Juu ya msingi huo ndipo ukajengwa mpangilio unaofundishwa hadi leo: taa kuu inayochonga uso, taa ya kujazia inayoamua kivuli kiwe kizito kiasi gani, na taa ya nyuma inayochora ukingo wa nywele na mabega ili mtu asimezwe na ukuta. Kila nyota alikuwa na mchanganyiko wake. Mpiga picha William Daniels alimpiga Greta Garbo karibu filamu zake zote za studio ya MGM. Katika Flesh and the Devil ya 1926, ili njiti ya kiberiti imwangaze Garbo usoni, alificha kitaa kidogo kiganjani mwa mwigizaji mwenzake John Gilbert. Lee Garmes alimmulika Marlene Dietrich kutoka juu, karibu utosini, hadi mashavu yakabonyea na chini ya pua kikatua kivuli mfano wa kipepeo. Alipata Oscar kwa Shanghai Express ya 1932, na Dietrich aliijua taa ile kiasi cha kuidai kila alikokwenda. Mwigizaji Merle Oberon alipobaki na makovu ya ajali ya gari, mpiga picha Lucien Ballard alimtengenezea taa ya kukaa jirani kabisa na lenzi, inayofuta mabonde ya ngozi, na mafundi wanaiita Obie mpaka kesho. Walioana, kwa taarifa yako.

Rangi ilirudisha mambo nyuma. Kamera ya Technicolor iligawa mwanga kwa kioo maalumu kwenda kwenye mikanda mitatu, kwa hiyo kila mkanda ulipata sehemu tu, na filamu nzima ya kwanza ya namna hiyo, Becky Sharp ya 1935, ilihitaji mafuriko ya mwanga. Taa za kaboni, ambazo zilikuwa zimefukuzwa kwa kelele, zikarudishwa zikiwa zimetulizwa, kwa sababu rangi ya mwanga wake ilikaribia ile ya mchana. Waigizaji walitokwa jasho hadi vipodozi vikayeyuka.

Kambi ya "hata zamani kulikuwa na giza" hukimbilia zile filamu ambazo wahakiki wa Ufaransa walizibatiza 1946 kuwa "filamu nyeusi" (film noir), na hapo ndipo hoja inapopinduka. Chukua The Big Combo ya 1955, iliyopigwa na John Alton, Mhungaria aliyepitia Argentina kabla ya kung'ara Hollywood. Mwisho wake ni uwanja wa ndege, ukungu, na taa moja kali inayotoka nyuma. Mwanamume na mwanamke wamesimama, hatuoni pua wala jicho, wamekuwa vivuli vitupu. Lakini tunajua nani yuko wapi, nani anasogea kwanza, wako umbali gani. Tunajua kwa sababu ukungu umeushika mwanga na kuugeuza ukuta mweupe, na weusi wao umechorwa juu ya weupe ule kama wino juu ya karatasi. Nicholas Musuraca alifanya vivyo hivyo katika Cat People ya 1942: kwenye bwawa la kuogelea usiku, mwanga unaodunda kutoka majini unacheza ukutani na darini, na hofu yote imo kwenye sehemu ambayo mwanga ule haufiki. Giza la mafundi hawa lina mpaka. Simamisha picha yoyote uhesabu: karibu kila umbo jeusi lina kitu cheupe nyuma yake, na kila umbo jeupe limeegemea weusi. Tatizo la kipindi kile kilichomshinda shangazi yangu halikuwa uchache wa mwanga. Kilichokosekana, kwa dakika ndefu, ni mpaka: wapiganaji weusi juu ya anga jeusi, katikati ya moshi mweusi.

Hapa hutajwa maelezo mawili ambayo yamekuwa kama methali. La kwanza ni kwamba vivuli hivyo vililetwa na wakimbizi wa Kijerumani. Walikuja wengi, na walileta mengi, lakini DeMille alikuwa anauza nusu ya uso 1915, miaka mitano kabla Caligari, ile filamu ya Kijerumani ya vivuli, haijaonyeshwa Berlin. La pili lina uzito zaidi: umaskini. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 cha vifaa vipya vya kujengea seti kwa kila filamu, na Cat People ilipanda ngazi zilizobaki kwenye seti ya filamu ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons. Seti ikiwa nusu, kivuli huimalizia. Nakubali, ila maelezo hayo yanafika njiani yanaishiwa pumzi. Alton huyo huyo alipopewa fedha za MGM na rangi zote za Technicolor, kwa dansi ya mwisho ya An American in Paris, alizidi kuchonga kwa vivuli na akatoka na Oscar. Umaskini ulimfundisha, haukumfunga.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi, kwamba picha zenye giza ni za kweli kwa sababu usiku ni giza. Usiku wa sinema haujawahi kuwa usiku. Enzi za studio usiku huo ulipigwa mara nyingi saa sita mchana, kichujio chekundu kikilitia weusi anga la bluu na lenzi ikibanwa, hila ambayo Wafaransa huiita "usiku wa Marekani". Mwigizaji alitembea na kandili isiyo na nguvu ya kumulika hata kidole, na mafundi juu ya dari wakawasha na kuzima taa hatua kwa hatua kumfuata. Na kama ni ukweli tunautafuta, jicho la mtu likikaa gizani nusu saa huzoea, likaanza kutofautisha mti na mtu, ukingo wa paa na mawingu. Skrini haitoi nusu saa hiyo. Picha nyeusi tupu inampa mtazamaji kile anachokiona aliyetoka juani akaingia stoo, na kumlazimisha abaki kwenye sekunde ile ya kwanza kwa saa nzima. Kwa kipimo cha uhalisia, Musuraca yuko karibu zaidi na usiku wa kweli.

Utetezi wa Wagner, hata hivyo, una nusu ya haki ambayo wakosoaji wake hawampi. Filamu za Alton zilitazamwa kwenye ukumbi mweusi, na kwa muda mrefu studio kubwa zilimiliki kumbi zenyewe, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi wa 1948 uliozilazimisha kuachana nazo. Aliyewasha taa seti alijua taa za ukumbini zitazimwa. Leo kazi hiyo hiyo hurekebishwa rangi kwenye chumba chenye giza na skrini ya bei ya gari, ikabanwa ili ipite kwenye intaneti, ikafika kwenye simu ya mtu aliye kwenye daladala saa nane mchana. Mbano huo hula kwanza sehemu nyeusi, ndiyo maana badala ya usiku unaona michirizi na viraka. Hayo ni kweli. Lakini yana mfano wa kale unaoyajibu. Karl Freund, mmoja wa waliopiga filamu ya kimya ya Kijerumani Metropolis, bingwa wa vivuli kama yupo aliyestahili jina hilo, aliitwa 1951 kupiga kichekesho cha runinga, I Love Lucy. Alikuwa na kamera tatu kwa mpigo, watazamaji ukumbini, na seti za runinga majumbani zilizotia chumvi kila tofauti ya weusi na weupe. Freund akaning'iniza taa juu, akamwaga mwanga sawasawa, na akapaka seti vivuli vya kijivu alivyovipima ili visiharibike hewani. Hakumwandikia mtazamaji maelekezo ya kurekebisha kioo chake. Alipiga picha kwa ajili ya sebule aliyojua ipo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ufundi wa studio ulikuwa na gereza lake. Waigizaji walisimama kwenye alama za chaki na wakisogea hatua moja walitoka kwenye uso wao. Wanawake waligeuzwa vinyago, wasikunje paji la uso lisije likavuruga kivuli. Kwa kila picha ya Garmes kulikuwa na mamia ya vichekesho na visa vya ofisini vilivyomulikwa bapa kama duka la viatu, na tumevisahau, ndiyo maana enzi ile inaonekana tukufu. Filamu ya rangi ya Kodak ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na wepesi wa kuhisi mwanga wa ISO 25 hivi; zipo kamera za sasa zinazofanya kazi vizuri kwenye 5,000, mara 200. Kamera kama hiyo inamwona mtoto anayesoma kwa kibatari bila taa nyingine yoyote, na mwongozaji anaweza kumwacha mtoto anyanyuke, aende jikoni, arudi. Howe angetoa mkono wake wa kulia kwa uwezo huo. Mtu anayedai turudi kwenye majenereta na mirija ya zebaki hajawahi kubeba jenereta.

Tatizo ni kile kilichoondoka pamoja na ugumu. Kamera inapoona kila kitu, hakuna kinachomlazimisha yeyote kuuliza ukuta wa nyuma uwe na mwanga kiasi gani. Picha hupigwa ikiwa imepauka makusudi, kila kitu katikati, weusi na weupe ukiwa umebanwa, kwa imani kwamba fundi wa rangi ataamua miezi miwili baadaye. Naye anaamua, ila anaamua juu ya kile alicholetewa: anaweza kushusha picha nzima, hawezi kumweka mtu mbele ya ukungu ambao haukuwepo. Programu mpya za kupanga taa upya zinaahidi kulivuka hilo, na baadhi zinakisia umbo la uso vizuri kiasi cha kushangaza. Bado zinakisia. Jicho la Minter lilikuwa jeusi kwa sababu kulikuwa na mahameli ya kweli mbele yake. Programu italazimika kuutunga uakisi huo, na wa shavu, na wa jasho, na wa kikombe mezani, kila fremu. Zaidi ya hapo, Dietrich aliigiza ndani ya taa yake. Aliinua kidevu kwa sababu alijua mwanga uko wapi. Mwigizaji aliyepigwa kwenye mwanga usioamuliwa hana cha kuinulia kidevu.

Kwetu jambo hili lina ncha kali zaidi, kwa sababu ya ngozi. Enzi ya studio ilituacha nje kwa namna inayojulikana: Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji Mweusi, alipofika MGM mapema miaka ya 1940, alitengenezewa rangi ya vipodozi iliyoitwa Light Egyptian, kwa kuwa ghala la studio halikuwa na yake, kisha rangi hiyo hiyo wakapakwa waigizaji weupe waliocheza nafasi ambazo yeye alinyimwa. Kadi za majaribio za Kodak, za kupimia rangi za picha, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe kwa miongo. Kwa hiyo simu inapotangazwa kwamba sasa inaijua ngozi nyeusi, tunashangilia, na tuna haki ya kushangilia. Lakini nimesimama kwenye seti kadhaa za Dar es Salaam ambako fedha zilikwenda kwenye kamera mpya na fundi taa akawa wa kwanza kukatwa kwenye bajeti. Uso wa mwigizaji ukipotea, mtu anasema ongeza taa, taa inaelekezwa usoni, paji la uso linawaka kama bati na mashavu yanabaki shimo.

Ngozi nyeusi humrudishia mtazamaji kile kilichowekwa mbele yake, kama jicho la Minter lilivyofanya. Ava Berkofsky, aliyepiga tamthilia ya Marekani ya Insecure, ameeleza kwamba hupaka waigizaji wake mafuta yanayoakisi na kuwamulika kwa mwanga uliodundishwa kwenye ubao mweupe, hivyo ngozi inapata ubao ule mzima wa kuakisi badala ya nukta moja ya balbu. Ni mahameli ya Howe iliyogeuzwa upande wa pili, miaka mia moja baadaye. Mama aliyekaa kizingitini jioni, sebule nyuma yake ikiwa giza, anahitaji shuka jeupe limesimamishwa upande wa pili wa mlango, nje ya fremu, na kitaa kidogo ndani kinachogusa ukuta ili bega lake lipate ukingo. Shuka lipo ndani ya nyumba ile ile. Anayekosekana ni mtu aliyelipwa kusimama pale, alitazame lile bega kabla kamera haijawashwa, na kusema shuka lisogee.